Majina Juu ya Kizingiti

Kila Jumamosi ya kwanza ya Agosti ukoo wa Winslade ulikuwa na shughuli moja tu: kukusanyika kwenye shamba la babu yao kule Harrow Neck, kutajiana majina, na kula mpaka vifungo vya suruali viombe radhi. Nyumba yenyewe ya babu iliungua zamani, kabla hata wazee wa sasa hawajazaliwa. Kilichobaki ni kizingiti, jiwe pana la kijivu lililokaa peke yake kwenye majani, mlango hakuna, ukuta hakuna. Juu ya jiwe hilo husimama mkubwa wa kiume katika ukoo, akataja kuanzia Ezra Winslade, yule seremala aliyeshuka melini kutoka Uingereza wakati Massachusetts yote bado ni miti na baridi, akateremka baba kwa mwana mpaka kichanga cha mwisho kilichozaliwa mwaka huo. Kila jina na neno lake. Na kila jina likitoka, umati unaitikia, "Alikuwa wetu!" Wakifika kwa walio hai wanasema, "Ni wetu!" Asipoitikiwa, mwenye kutaja haendelei. Na kabla hajamaliza, hakuna anayegusa chakula, hata watoto walie machozi ya damu.

Kwa miaka mingi mwenye kutaja alikuwa Asahel Winslade. Sauti yake ilikuwa nzito na tamu, na alikuwa na namna ya kunyamaza kidogo kabla ya jina mpaka mtu asisimke. Watu walitoka Ohio, walitoka hata California, wakasafiri siku kadhaa kwa treni waje kumsikiliza Asahel akisema "Ezra."

Mwaka ule wa 1957, lakini, mkewe Delia alikuwa na wasiwasi uliomnyima hata hamu ya chai.

Kichwa cha mzee kilikuwa kimeanza kumchezea shere. Miwani aliitia kwenye pipa la unga. Asubuhi moja alichukua ndoo akaenda kukamua ng'ombe waliyemuuza wakati wa vita, akakaa zizini akimsubiri, na Delia alipomfuata akamkuta analalamika, "Huyu Daisy leo ana kiburi gani?" Delia akacheka ili asilie. Akamshika mkono, akamrudisha jikoni, akampa kitumbua cha sukari.

Haikupita wiki akaja Harlan. Harlan alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake Asahel, mtu wa benki, mwenye kofia nzuri na viatu visivyojua matope, na ndiye aliyefuata kwa ukubwa. Alikaa mezani, akapangusa kiti kwanza, na hilo Delia aliliona.

"Mama mkubwa, tusizungukane," akasema. "Baba mkubwa amechoka. Kila mtu anajua. Mwaka huu tumtafutie kiti kizuri kivulini, tumpe maji yake ya limau, mimi nitapanda jiweni. Majina nimeshayapigisha chapa, sitakosea hata moja."

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Nakuuliza wewe kwanza. Fikiria akisahau mbele za watu. Unataka watu wamcheke?"

Delia hajajibu, mlango wa nyuma ukafunguka. Asahel alikuwa amesikia. Masikio yake yalikuwa mazima kabisa, kilichougua kilikuwa kingine.

"Kivulini akakae mama yako!" akasema. "Na hiyo karatasi ukawashie jiko. Majina hayasomwi, Harlan. Majina yanatajwa."

Harlan akachukua kofia yake. "Sawa, baba mkubwa. Lakini ukikwama, nitapanda. Sitaacha ukoo mzima umesimama kama waliofiwa."

Gari lake lilipoondoka, ukali wote ukamtoka mzee. Akakaa kwenye kile kiti kilichopanguswa, akaitazama mikono yake.

"Delia, wakinishusha pale nimekwisha. Shamba nimeshindwa, ng'ombe sina. Nimebaki na majina. Mwaka huu tu, mke wangu. Mwakani nitamwachia kwa mikono yangu mwenyewe."

"Utapanda," Delia akasema. "Nikiwa hai utapanda. Nitasimama karibu yako, na likikutoka jina nitakunong'oneza. Hakuna atakayejua."

Basi kuanzia siku ile jikoni pakageuka chuo. Delia anachambua maharage, mzee anataja. Ezra aliyejenga kwa mikono yake. Increase aliyevusha ng'ombe juu ya barafu. Nathaniel aliyegombana na mchungaji. Peleg aliyekwenda vitani na kurudi na mguu mmoja. Josiah aliyezama na chombo chake. Barnabas aliyefungua shule. Eliphalet aliyepanda mitufaha, naye ndiye baba yake Asahel. Siku nyingine yalitoka yote kama maji. Siku nyingine alifika kwa Peleg akaanza kuuliza kama Daisy amekamuliwa. Delia anamrudisha taratibu, "Josiah, mzee. Josiah aliyezama." Maana Delia aliyajua yote. Ajabu hiyo! Katika ukoo mzima hakukuwa na mtu aliyeyajua majina ya Winslade kumshinda yule mwanamke ambaye ukoo wenyewe haujawahi kulitaja lake.

Ndiyo, haujawahi. Tusifichane. Wanawake hawakutajwa juu ya jiwe lile. Ilisemwa, "Eliphalet akamzaa Asahel, Asahel akamzaa Warren," kana kwamba Warren alichomoka kwapani mwa baba yake! Delia aliyetapika miezi yote ile, aliyeshikwa na uchungu katikati ya dhoruba ya theluji na mkunga hafiki, alikuwa anasimama nyuma na sufuria lake la maharage akisikiliza jinsi mumewe alivyojifungua peke yake.

Na kwa Delia iliuma zaidi, kwa sababu yeye alikuwa Hanratty. Mtoto wa Waayalandi wa kiwanda cha pamba, ng'ambo ya mto, Mkatoliki wa kwenda misa kila Jumapili. Asahel alipotangaza kwamba anamuoa, kwa kina Winslade palizuka kilio. Dada yake Asahel, Thankful, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Siku Delia alipoletwa kuonyeshwa, Thankful alimpa chai katika kikombe kilichovunjika mkono, wengine wote wakapewa vizima. Tangu hapo, miaka ikaja ikapita, watoto wakazaliwa na kuoa, Thankful hakuwahi kumwita kwa jina. Alikuwa "mke wa Asahel." Hata Delia alipomuuguza homa ya mapafu, akamlisha uji kwa kijiko, yule bibi alifumbua macho akasema, "Mwambieni mke wa Asahel chumvi imezidi."

Jumamosi ikafika. Jua zuri, upepo kidogo kutoka kwenye majaruba ya chumvi. Magari yakajipanga mpaka barabarani. Meza ndefu zikatandikwa vitambaa vyeupe: supu ya kome kwa maziwa, maharage yaliyookwa usiku kucha na asali ya miwa, mkate mweusi, mahindi ya kuchemsha, pai za tufaha zilizolindwa dhidi ya nzi kwa vita kali. Delia alipenda siku hii, msidhani hakuipenda. Kila mwaka harufu ile ya majani yaliyokatwa ilimrudisha enzi Warren anakimbia peku katikati ya meza, na Asahel, nywele nyeusi tititi, anapanda jiweni kwa hatua moja. Sasa alipanda kwa kushikwa kiwiko.

Thankful alikuwa amewekwa kwenye kiti chake mbele kabisa, amejifunika shali katika joto lile, fimbo magotini. Umri ulimkausha lakini ulimi ulibaki mbichi.

"Mke wa Asahel, maharage yako mwaka huu naona yana maji."

"Basi utayanywa, wifi."

"Nitayanywa nikiwa sina la kufanya. Huyo mume wako yuko sawa?"

"Yuko sawa."

"Mm," akasema Thankful, na ile mm yake ilitosha barua nzima.

Ruth, binti wa Warren na mjukuu wa Delia, akaja na kitoto chake kwapani. Kilizaliwa mwezi wa tatu na kilipewa jina Alden. Leo ndiye angefunga orodha, akiunganishwa moja kwa moja na Warren, jina la mama yake likirukwa kama ilivyo desturi.

"Bibi, babu ataweza?" Ruth akanong'ona.

"Ataweza. Wewe mfunike huyo kichwa, jua kali."

Harlan alikuwa amesimama upande wa pili wa jiwe, karatasi yake imekunjwa vizuri kwenye mfuko wa koti. Hakuificha. Delia akasimama kwenye majani, karibu na kiwiko cha mumewe, kwa sababu jiweni mwanamke hapandi. Watu wakanyamaza.

Asahel akanyanyua uso. Akangoja kidogo, ile ngoja yake.

"Ezra Winslade," akasema, na sauti ilikuwa ile ile, nzito, tamu, "aliyejenga kwa mikono yake."

"Alikuwa wetu!" Shamba zima likavuma.

"Ezra akamzaa Increase, aliyevusha ng'ombe juu ya barafu."

"Alikuwa wetu!"

Akaenda. Nathaniel, sawa. Peleg, sawa. Kwa Josiah akasita, Delia akanong'oneza kabla pumzi haijakatika, akadaka, akaendelea. Hakuna aliyeona isipokuwa Harlan. Barnabas, sawa. Limebaki moja tu kabla ya lake mwenyewe, jina la baba yake mzazi.

"Barnabas akamzaa..."

Jina halikuja.

"Akamzaa..."

"Eliphalet," Delia akanong'ona.

Mzee hakusikia. Alikuwa anatazama watu, mmoja mmoja, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alifuata nini. Mtoto mmoja akacheka, akapigwa kikofi. Harlan akaitoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akapiga hatua.

"Eliphalet, mzee," Delia akasema tena. "Aliyepanda mitufaha."

Asahel akageuka, akamtazama mkewe. Uso ukamfunguka. Jamani, ulimfunguka kabisa, miaka ikamtoka. Akawageukia watu akavuta pumzi.

"Phelim Hanratty," akasema kwa sauti ya kujaza shamba, "aliyewaachia watoto viazi vyake akafa na njaa."

Delia akalitambua jina. Phelim alikuwa babu wa baba yake. Na hakuna Winslade hata mmoja aliyepaswa kulijua jina lile, isipokuwa huyu.

Maana kabla hawajawa wachumba, Jumapili hizo za kutembea kandokando ya mfereji wa kiwanda, Asahel alizoea kujigamba na ukoo wake. Ezra hivi, Increase vile. Mpaka siku moja Delia akachoka, akasimama njiani, mikono kiunoni: "Kwani mimi niliota kama uyoga? Nami nina watu." Akamtajia wote aliowajua. Kisha akamwambia hamkubali mpaka awajue wa kwake kama anavyowajua wa kwao. Wiki nzima kijana wa watu alitembea anajisemesha peke yake nyuma ya mkokoteni wa majani. Jumapili akapanda ukingoni mwa mfereji akawataja wote bila kukosea, wasichana wa kiwandani wakishangilia dirishani. Siku ile Delia akamkubali. Halafu wakaoana, maisha yakaingia, na majina yale hayakutajwa tena. Yeye mwenyewe alidhani mumewe alishayasahau zamani.

Sasa mzee alikuwa amesimama anangoja. Hajaitikiwa, haendelei. Ndivyo desturi ilivyo.

Ukoo mzima ukatazamana.

"Phelim Hanratty," akarudia.

"Baba mkubwa," Harlan akasema kwa upole, "huyo si wetu. Ngoja nikusaidie, shuka taratibu."

Delia alijua cha kufanya. Alikuwa ameahidi. Ilitosha kusema "Eliphalet" kwa nguvu, avute koti la mzee, amrudishe kwenye njia yake kama alivyomrudisha kutoka zizini. Akafungua kinywa. Na kinywa kikakataa. Mungu anisamehe, alijisemea, lakini nataka kulisikia jina la mama yangu juu ya jiwe hili, mara moja tu kabla sijafa. Akaona aibu kwa tamaa hiyo, maana alimwona mumewe jinsi anavyotapatapa kwa macho akitafuta nani atamuitikia. Harlan alikuwa ameshamshika mkono.

Fimbo ikagonga chini.

"Alikuwa wetu!"

Ilikuwa sauti kavu, ya kukwaruza. Watu wakageuka. Thankful alikuwa amekaa wima kwenye kiti chake, anawakodolea macho.

"Mmekuwa viziwi?" akafoka. "Mkubwa wenu anataja, nyinyi mnamtolea macho kama samaki! Na wewe Harlan, mwache mkono. Hicho kitoto alichobeba Ruth kilitoka kwa nani na nani? Endelea, Asahel."

Harlan akasita, kisha akaachia mkono.

"Phelim akamzaa Con," Asahel akasema, sauti imerudi, "aliyechimba mfereji akiwa na maji kiunoni."

Sauti chache zikaitikia. Ya Thankful, ya Ruth, ya Warren huko nyuma.

"Con akamzaa Michael, aliyeimba kuliko padri."

"Alikuwa wetu!" Sasa walikuwa wengi.

"Michael akamwoa Bridget," akasema, na hapo akateremsha sauti kidogo kama mtu anayeingia nyumba ya mtu mwingine kwa heshima, "aliyefua nguo za mji mzima, na za kwake zikawa safi kuliko zote."

Shamba zima likavuma. Delia akalia. Hakujificha, hakuinamisha kichwa, alilia tu, machozi yakishuka mpaka kwenye aproni. Mama yake, mikono imebabuka kwa magadi, aliyepitia mlango wa nyuma wa nyumba za watu hawa hawa, leo anaitikiwa na wajukuu zao wamevua kofia.

"Bridget akamzaa Delia. Delia akamzaa Warren. Warren akamzaa Ruth. Ruth akamzaa Alden," mzee akamalizia mbio mbio, kama farasi aliyeona nyumbani, na kila jina likafuatwa na "Ni wetu!" mpaka kitoto kikaamka kikaanza kupiga kelele, watu wakacheka, na watoto wakatimua mbio kwenye pai.

Harlan akaikunja karatasi yake mara nyingi zaidi ya ilivyohitajika. Alipompita Delia akagusa ukingo wa kofia yake, akasema, "Mama mkubwa," basi, akaenda kutafuta supu.

Delia akamwendea Thankful.

"Wifi..."

"Usianze," Thankful akasema. "Njaa ilikuwa inaniuma. Mngesimama pale mpaka usiku." Akavuta shali lake, akatazama pembeni, kwenye majaruba. "Mama yako ndiye aliyefua mashuka ya mama yangu. Alipokufa mama, tulimlaza kwenye mashuka yale. Meupe pee. Nilitaka kukwambia siku ile ya kwanza, nikakupa kile kikombe badala yake." Akakohoa. "Nipakulie maharage, Delia."

Delia akampakulia. Akamwaga mengine kwenye kitambaa, na kwa mara ya kwanza hakukemewa.

Kisha akarudi kwa mumewe na sahani mbili. Walikuwa wamemkalisha kwenye ukingo wa jiwe lile lile, miguu kwenye majani, na jasho lake lilikuwa linakauka. Alionekana mtulivu na mwenye fahari, kama siku zile za mfereji. Delia akakaa karibu naye, bega kwa bega, akampa mkate. Mzee akaupokea kwa adabu.

"Asante sana, mama," akasema. Akamtazama usoni kwa wema, akitafuta. "Samahani, leo watu ni wengi, nachanganyikiwa. Wewe ni wa nani katika hawa?"

Delia akatazama umati uliokuwa unakula, kelele, vicheko, vitoto chini ya meza. Akampangusa mzee makombo kwenye kidevu.

"Mimi?" akasema. "Mimi ni wa humu humu."

"Nilijua tu," Asahel akasema, akaendelea kula.